Nta ya manukato kwenye plastiki: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa watengenezaji wa vipande vya nta ya kunukiza nyumba, ile isiyo na utambi, ambayo mtu humega kipande akakiweka juu ya chetezo cha umeme kiyeyuke. Vipimo vyote vya joto hapa ni vya Selsiasi.

Natumia nta ya soya na vifungashio angavu vyenye vyumba sita. Nikimimina, kona zinajikunja na mfuniko haufungi tena. Tatizo ni plastiki au ni mimi? (Mwanza)

Geuza kifungashio utazame chini, utaona pembetatu yenye namba. Hivi angavu vinavyouzwa sana huwa ni namba 1, yaani PET. PET haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 240, kwa hiyo wengi hudhani iko salama. Lakini hulegea mapema, kuanzia kama nyuzi 70. Kifungashio hicho kilikuwa karatasi bapa ya plastiki iliyopashwa moto na kuvutwa ikachukua umbo la vyumba, basi ikipata joto tena inataka kurudi bapa. Ndiyo maana haitoboki bali inajikunja, na inaanzia kwenye kona kwa sababu hapo ndipo ilipovutwa ikawa nyembamba zaidi.

Dawa yake ni kumimina nta ikiwa kati ya nyuzi 58 na 62. Nta nyingi za soya bado ni maji kabisa kwenye joto hilo. Panga vifungashio juu ya sinia la aluminiamu badala ya meza ya mbao au kitambaa, maana sinia huvuta joto kutoka chini na mbao hulizuia. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kimoja na kingine. Vikibanana vinapashana moto. Tumia jagi lenye mdomo mwembamba, elekeza mchirizi katikati ya chumba, usiupige ukutani wala kwenye kona. Jaza vyumba vyote mpaka nusu, kisha rudi ulipoanzia umalizie mara moja, kabla ya juu kuanza kuganda. Ukichelewa utaona mstari katikati ya kipande.

Namba 5, polipropilini, ina ukungu kidogo na inapinda bila kuvunjika. Hiyo inastahimili joto la karibu nyuzi 100. Kama unaweza kuipata, nunua hiyo. Namba 3, PVC, itendee kama PET.

Nikisubiri ipoe hadi 60, manukato yatashika kweli? Nimefundishwa mafuta yawekwe nta ikiwa moto. (Nairobi)

Umefundishwa vizuri, ila hizo ni hatua mbili na kila moja ina joto lake. Mafuta yanaingia nta ikiwa na nyuzi 80 hivi, kusudi yachanganyike sawasawa na nta iliyoyeyuka yote. Kumimina kunakuja baadaye. Anayeweka mafuta kwenye nta ya nyuzi 60 iliyoanza kuganda pembeni ya sufuria atapata kipande kimoja kinanukia sana na kingine hakinukii kabisa.

Kwa kilo moja, pima gramu 920 za nta na gramu 80 za mafuta, yaani asilimia 8. Pima kwa mizani, si kwa vijiko wala mililita, kwa sababu mafuta ya aina mbalimbali hayalingani uzito. Yeyusha nta kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji. (Kwa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, yanatosha kabisa.) Ikifika 80 zima moto kwanza, ndipo utie mafuta, maana mvuke wa baadhi ya manukato hushika moto kirahisi. Koroga polepole kwa dakika mbili, ukikwangua chini na pembeni, bila kupiga povu. Kisha acha ishuke, ukikoroga mara mojamoja, na usiondoe macho kwenye kipimajoto: kutoka 80 hadi 65 huenda polepole, halafu pembeni huanza kuganda ghafla.

Nta ikishika moto usimwage maji kamwe, yanageuka mvuke na kuirusha juu ikiwaka. Funika sufuria, zima jiko, usiiguse mpaka ipoe.

Nimeuziwa mzigo wa vifungashio visivyo na namba. Nitajuaje vinahimili kiasi gani bila kuharibu nta? (Mombasa)

Jaribu na maji. Chukua kimoja, kiweke kwenye sinia lilelile utakalotumia, mimina maji ya nyuzi 60, acha dakika kumi, kisha jaribu kufunga mfuniko. Kikibaki sawa, chukua kipya urudie kwa 65, halafu 70. Maji hubeba joto karibu mara mbili ya nta ya uzito uleule, kwa hiyo kifungashio kilichovumilia maji ya 65 kitavumilia nta ya 65. Wewe mimina nyuzi tano chini ya pale kilipoanza kulegea. Fanya hivi kila ukibadilisha muuzaji, kwa sababu unene wa plastiki hubadilika hata sura ikiwa ileile.

Hapa kwetu nta ya nyuki ipo tele. Naweza kuitumia peke yake? (Tabora)

Kwenye PET, hapana. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na ili itiririke vizuri lazima uimimine ikiwa zaidi ya 70, pale pale plastiki inapolegea. Imimine kwenye umbo la silikoni, itoe ikiwa baridi, kisha uitie kwenye kifungashio. Wengine huilainisha kwa mafuta ya nazi. Kiasi kidogo sawa, lakini ukizidisha, bidhaa italowa kwenye joto la kawaida la Pwani.

Kifungashio kimepata ukungu na kinanata baada ya kutumia mafuta ya karafuu. Nta sikuimimina moto. (Pemba)

Hapo joto halina kosa, ni mafuta. Huenda plastiki yako ni namba 6, polistairini, ile ngumu inayolia na kupasuka ukiibana. Mafuta ya machungwa na ya limau huiyeyusha, na ya karafuu huishambulia vilevile. Kwa manukato ya aina hiyo tumia PET au polipropilini, na futa kila tone lililodondokea ukingoni.

Naweza kutumia makopo ya mtindi yaliyooshwa?

Hatushauri, hata yakiwa namba 5. Kitu chenye harufu ya vanila ndani ya kopo la chakula ni hatari kwa mtoto.

Juu ya nta kuna matone ya mafuta, na mfuniko una jasho. (Dar es Salaam)

Matone juu ya nta yenyewe maana yake mafuta yamezidi uwezo wake. Shuka hadi asilimia 6 ulinganishe. Jasho la mfunikoni linatokana na kufunga mapema. Acha vipoe wazi kwa saa nne, mbali na feni, maana upepo hupasua uso wa nta. Ukifunga, weka lebo ya jina la harufu na tarehe, kisha viache wiki moja hadi mbili kabla ya kuuza. Soya hutoa harufu yake vizuri zaidi baada ya kukaa. Na usisafirishe mzigo kwenye buti la gari mchana: joto la humo hulainisha nta ya soya, vipande vikaungana na kuacha alama kwenye mfuniko. Peleka alfajiri, au agiza nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 54 au zaidi, halafu urudie jaribio la maji kwa nyuzi 65, kwa sababu nayo itataka kumiminwa ikiwa moto zaidi kidogo.