Kuuziana ng'ombe wa maziwa nyumbani: taja kasoro kabla ya bei

Mkuu, umeuliza kama muuzaji wa ng'ombe wa maziwa, anapouza nyumbani bila mnada wala dalali, anapaswa kutaja kasoro zote, na mnunuzi atamjuaje mkweli. Naanza na muuzaji, maana jina lake ndilo linalobaki hapo ng'ombe akishaondoka.

Kila ng'ombe anayeuzwa ana sababu ya kuuzwa. Iseme mwenyewe kabla hujataja bei. Mnunuzi akiambiwa mapema kwamba chuchu moja haitoi, mtapatana bei ya chuchu tatu na yataisha hapo. Akigundua mwenyewe kwake baada ya wiki, ataona ameibiwa hata kama bei ilikuwa nafuu. Mambo ambayo kwangu hayana mjadala: robo ya kiwele (sehemu inayotoa maziwa kwa chuchu moja) iliyokufa au iliyowahi kuugua, mimba kutoka, kupandishwa mara tatu bila kushika, kupiga teke anapokamuliwa, kujinyonya au kunyonya wenzake, na dawa yoyote aliyopewa majuzi pamoja na siku zilizobaki kabla maziwa yake hayajafaa kunywewa. Ongeza mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, aliyezaliwa pacha na dume. Mishipa ya damu ya kondo zao huungana tumboni, homoni za dume zikavuruga vizazi vya jike, na zaidi ya tisa kati ya kumi huwa tasa. Kumuuza huyo kama mtamba wa kufuga ni dhuluma, kwa sababu mwenzako atamlisha miaka miwili akingoja ndama asiyekuja.

Kwenye maziwa ndiko maneno yanakozidi. "Anatoa lita 20" haina maana bila kusema lini. Ng'ombe hufika kileleni karibu wiki ya sita hadi ya nane baada ya kuzaa, kisha hushuka taratibu. Muuzaji atoe tarehe aliyozaa, lita za jana asubuhi na jioni, na chakula anachokula. Mnunuzi aombe akamuliwe mbele yake mara mbili mfululizo, jioni na kesho yake asubuhi. Mkamuo wa kwanza usikuridhishe peke yake: ng'ombe akirukwa mkamuo mmoja kabla hujafika, kiwele hujaa na utaona maziwa ya nyakati mbili kwa pamoja. Wa pili, saa 12 baadaye, ndio wa kuaminika. Michirizi ya kwanza ya kila chuchu ikamuliwe kwenye kikombe cheusi, uangalie mabonge, majimaji au damu. Kiwele kikishakuwa tupu, kibonyeze robo kwa robo. Panapobaki pagumu mara nyingi pana ugonjwa wa zamani. Halafu mtembeze kwenye sakafu ngumu, kwa sababu kuchechemea hakuonekani vizuri kwenye matope.

Mimba nayo ina ugomvi wake. Kupandishwa siyo kushika mimba, na muuzaji anayesema "ana mimba" kwa sababu tu hajamwona akirudi kwenye joto, yaani kutaka dume, anabahatisha kwa fedha ya mwenzake. Aseme "alipandishwa tarehe fulani, hajapimwa", au apimwe. Daktari wa mifugo mzoefu huitambua kwa mkono bila wasiwasi miezi miwili ikishapita. Mnunuzi ndiye amchague daktari na kumlipa, ili pasiwe na shaka ya upande. Siku hiyohiyo ichukuliwe damu ya kupima brusela, ugonjwa unaotoa mimba na unaowapata watu pia. Jibu safi halimalizi kazi, kwani mtamba mwenye maambukizi mapya anaweza kuonekana mzima hadi azae. Apimwe tena baada ya kuzaa, na akifika kwako mtenge wiki tatu hadi nne kabla hajachangamana na wengine.

Andikeni karatasi moja, nakala mbili, hata kama ni ndugu. Iwe na rangi na alama zake, namba ya hereni ya sikioni, tarehe ya kuzaa au kupandishwa, chanjo, kasoro zilizotajwa, bei na malipo ya awali. Kuna mstari mmoja ambao wengi husahau: ng'ombe akifa baada ya malipo ya awali na kabla ya kuchukuliwa, hasara ni ya nani? Mimi naona ni ya muuzaji maadamu yuko zizini kwake, na fedha irudi yote. Akishapanda gari ni ya mnunuzi, isipokuwa kwa kasoro iliyofichwa.

Mnunuzi naye ana wajibu wa kutimiza. Anayekubali bei kisha akaanza kuipunguza gari likiwa mlangoni hupata jina baya upesi kama muuzaji mwongo. Vilevile, maziwa hushuka ng'ombe akihamishwa, kwa safari, ugeni na chakula kipya. Usimwite mtu mwizi siku ya tatu. Omba chakula alichozoea cha wiki moja, ukichanganye na chako kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, ndipo upime.

Lalamiko likija, muuzaji aende akaone mwenyewe, haraka, asijibizane kwenye simu. Kama aliificha kasoro, arudishe fedha yote na alipe gari. Kama hakuijua kweli, wagawane hasara. Huo ndio uungwana.

Kumchunguza muuzaji, waulize mhimilishaji, yule anayepandisha ng'ombe kwa mrija, na mchukua maziwa, maana ng'ombe wa pale wanawafahamu mmoja mmoja. Kisha watafute walionunua kwake zamani, uwaulize kama walirudi kununua wa pili.