Mtoto anataka Sonic, aanze na ipi?

Ndugu, nimekuelewa: mwanao wa miaka minane ameona filamu ya Sonic, sasa anadai gemu, nawe umezikuta chungu nzima hujui ushike ipi.

Mpe Sonic Mania ya 2017. Inafuata mtindo wa ile ya kwanza ya 1991, kampuni ya Sega ilipomleta huyu kalunguyeye wa buluu kwenye mashine yake ya gemu, Mega Drive, ili apambane na Mario wa kampuni pinzani, Nintendo. Utamu wake ni mwendo: unateremka mlima, unajikunja kama mpira, kasi inapanda yenyewe. Halafu zile pete unazookota njiani. Ukiwa na hata moja, adui akikugusa zinamwagika tu, hufi. (Ukitumbukia shimoni, hazikuokoi.) Chini ya maji ndipo mwanangu alipolia, mfundishe wako kufuata mapovu ya hewa ili Sonic apumue.

Ile ya 2006 iruke, imejaa hitilafu.

Akichezea simu yako, funga kwanza ununuzi kwa nywila, maana mimi nililiwa salio. Na mianga ya kwenye skrini ikimpa kizunguzungu au akishtuka mwili, zima, mwone daktari.