Kwa wewe uliyepiga faulo tatu

Wiki jana kijana mmoja aliniandikia saa sita usiku: "Kaka, nimepiga faulo tatu kwenye mchujo wa kuruka umbali. Kocha amesema nirudi mita mia nne. Nifanyeje?"

Muungwana angemjibu pale pale. Mimi niliamka, nikafungua kisanduku cha vyeti, nikatoa karatasi ambayo mke wangu ameniomba mara nyingi niitupe. Ina jina langu, namba yangu ya kifuani, kisha X, X, X, moja kwa kila mara mguu wangu ulipovuka ubao wa kurukia, na mwisho herufi mbili: NM, “no mark”. Yaani siku ile sikuwa na umbali wowote. Aliyeruka mita tatu akaanguka kifudifudi alinishinda.

Nilikulia Kayole, Nairobi. Shimo la kurukia hatukuwa nalo, lakini mchanga wa mjengo ulikuwepo kila kona, na kila ploti iliyokuwa ikijengwa ilikuwa uwanja wetu hadi mlinzi atutimue na rungu lake. Hatua zangu kumi na nane za kukimbilia ubao nilizipima kwenye barabara ya murram, mbele ya kibanda cha mama mmoja wa mandazi. Alama ya kuanzia ilikuwa mlingoti wa stima. Kutoka mlingotini hadi kwenye kipande cha ubao tulichokizika ardhini sikuwa nakosea, hata jua likishazama. Watoto walikuwa wakiwekeana dau la mandazi kwamba leo nitakosea, na yule mama akawa ananitakia afya njema kuliko mzazi wangu. Spaiksi, vile viatu vya misumari, zilitoka soko la mitumba la Gikomba, cha kushoto kikiwa kikubwa kuliko cha kulia kwa namba nzima. Mwalimu wa michezo aliponipima mita 7.05 kwa utepe wa fundi wa nguo, nikawa siambiliki.

Siku ya mchujo ndiyo niliyokanyaga tartani, ile njia ya mpira ya viwanja vikubwa, kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba tartani hurudisha nguvu mguuni, kwamba spaiksi zikiuma vizuri kila hatua hurefuka kidogo. Kidogo hicho mara kumi na nane ni kiatu kizima na zaidi. Jaribio la kwanza niliupita ubao kabisa. La pili nikarudisha alama nyuma kwa kukisia, nikaupita tena. La tatu nilitua mbali, mbali kweli, nikasikia watu wakishangilia, nikageuka: bendera nyekundu, faulo. Kwenye plastisini, ule udongo laini uliowekwa baada ya ubao, kulikuwa na alama ya ncha ya kiatu, ndogo kama ukucha. Kocha mmoja aliyesimama karibu akasema, kwa sauti ya kunifikia, kwamba Mkenya hana biashara mchangani, akimbie.

Neno hilo bado ninalo. Mwaka 2015, Mkenya Julius Yego aliporusha mkuki mita 92.72 kule Beijing akawa bingwa wa dunia, jambo la kwanza nililowaza ni yule kocha anatazama wapi.

Miaka iliyofuata naiacha, haina utamu. Nenda moja kwa moja uwanja wa Kasarani, Nairobi, Agosti 2021, mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20. Nilikuwa miongoni mwa waliojitolea, na viti vingi vilikuwa vitupu kwa ajili ya korona. Mfaransa Erwan Konaté alichukua dhahabu ya wanaume kwa mita 8.12. Lakini kilichonikaa ni fainali ya wasichana: Maja Åskag wa Uswidi 6.60, Shaili Singh wa India 6.59. Sentimita moja. Nilikwenda nyumbani nikaitazama rula ya mtoto wa jirani kwa muda mrefu.

Sasa ushauri, maana ndio ulioutaka. Pima hatua zako upya, siku hiyo hiyo, kwenye njia ile ile utakayokimbilia. Upepo ukikusukuma kutoka nyuma, rudisha alama nyuma. Ukikupiga usoni, isogeze mbele. Kisha pima tena.

La pili ndilo gumu kwa sababu linataka unyenyekevu: jaribio la kwanza ni la kuingia kwenye karatasi. Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Mmarekani Bob Beamon alipiga faulo mbili kwenye mchujo, amebakiwa na moja, sawa kabisa na wewe na mimi. Mwenzake Ralph Boston akamshauri arukie nyuma kidogo ya ubao, atoe sadaka hizo sentimita. Alitii, akafuzu, na kwenye fainali akaruka mita 8.90, wakati rekodi ya dunia ilikuwa 8.35. Mimi sikuwa na Boston. Nilikuwa na yule kocha.

Au mchukue Mmarekani Mike Powell, mashindano ya dunia ya Tokyo, 1991. Wote mnaikariri ile 8.95 iliyomwangusha Carl Lewis, ambaye hakuwa ameshindwa kwa miaka kumi. Nani anakumbuka kwamba Powell alianza na 7.85? Mruko wa kawaida kabisa. Ile 8.95 ilikuja jaribio la tano, na jaribio la tano hulioni usipokuwa miongoni mwa walio bora baada ya matatu ya kwanza. Vijana mnataka kuanza na la tano! Mnapiga picha mkiwa hewani, mnaziweka mtandaoni, hakuna anayepiga picha ya alama yake ya kuanzia.

Na Tokyo nyingine, Olimpiki ya 2021: Tentoglou wa Ugiriki na Echevarría wa Kuba, wote 8.41. Dhahabu iliamuliwa na mruko wa pili kwa ubora, 8.15 dhidi ya 8.09. Kwa hiyo hata ule mruko unaouona wa aibu, uweke. Na ujue kwamba tangu Novemba 2021 kanuni imekaza: ncha ya kiatu ikivuka mstari hata ikiwa hewani, kabla mguu haujaondoka ardhini, ni faulo. Ile plastisini yangu ingalau ilinipa ushahidi.

Kuhusu mita mia nne, siwezi kukukataza. Mimi nilirudi mbioni kwa hasira, nikadumu muhula mmoja.

Haya yote sikumwandikia usiku ule. Asubuhi nilimuuliza swali moja tu: hatua zako ulizipima wapi? Siku mbili kimya. Juzi nikiwa kibandani Gikomba, maana siku hizi mimi ndiye ninayeuza hizo spaiksi, simu ikalia.

"Kwenye nyasi za shule, kaka. Kwani?"

Nilicheka peke yangu hadi mteja akaweka chini kiatu alichokuwa amekishika, akaniuliza kama bei niliyomtajia ilikuwa mzaha.