Redio yenu ya ALE inakufa usiku? Kabla hamjaitukana, angalieni masafa mliyoipa

Juzi kanitumia meseji kijana mmoja yuko kikosi cha mawasiliano. Anasema wamefungiwa redio mpya za HF (mawimbi mafupi) zenye ALE, yani zile zinazotafutana na kuungana zenyewe, mchana zinafanya kazi safi kabisa, kituo cha mbele kiko kama kilomita 300 hivi, ila giza likiingia basi, redio inaskani, yani inapekua chaneli moja baada ya nyingine mpaka kunakucha haijaunga, na wakuu wake wameshaanza kusema hizi redio mbovu, tubaki na setelaiti tu. Nilishamjibu pembeni lakini naona niandike na hapa, manake najua mko wengi mnaotaka kuwa watu wa HF wa kutegemewa na hakuna anayewashika mkono.

Mdogo wangu, redio yako nzima. Nilimuuliza kwa juu juu tu, masafa ya chini kabisa mliyoingiza ni megahezi ngapi? Akasema 6. Sasa usiku utaunga na nini?

Mawimbi ya HF yanapanda mpaka ayonosfia, lile tabaka la juu sana la hewa, yanarudishwa chini, na hiyo ayonosfia inachajiwa na jua. Jua likizama inapungua nguvu, masafa yaliyokuwa yanarudi mchana yanapenya moja kwa moja yanaenda zake. Kwa umbali mfupi kama huo wenu, ambapo wimbi linapanda karibu wima, usiku mara nyingi inabidi ushuke megahezi 2 mpaka 4 hivi. Na hayo hayo ya chini ukiyaleta saa sita mchana tabaka la D, sehemu ya chini ya ayonosfia, linayanyonya yanaisha. Kwa hiyo unahitaji ya mchana, ya usiku, na ya katikati kwa ajili ya alfajiri na magharibi. ALE inachagua kati ya yale uliyoipa, haina uwezo wa kuchagua usichoipa. Angalia hata jeshi la anga la Marekani kwenye mtandao wao wa HF wa dunia nzima, masafa yao yanayojulikana na kila msikilizaji ni kilohezi 4724, 8992, 11175 na 15016. Wameyatawanya hivyo ili saa yoyote liwepo moja linalopita.

Mimi hili jambo linanigusa kwa sababu nilisimamia mtandao wa namna hii, vituo vimetawanyika mbali mbali, na nilidharauliwa nao vya kutosha. Kuna mkuu mmoja, jina tuliache, kila kikao alikuwa anaviita vyombo vyangu vyuma chakavu. Naomba kibali cha masafa ya usiku faili linarudi, naomba nguzo za antena ya kulala naambiwa tumia antena ya fimbo ya kwenye gari inatosha. Haitoshi! Fimbo iliyosimama inarusha wimbi kuelekea upeo wa macho, kituo cha kilomita 200 au 300 kinabaki kwenye eneo la kimya katikati, wimbi linakiruka. Dipoli, yani antena ya waya, iliyolala chini chini ndo inayorusha juu. Nilipigania hivyo vitu mpaka nikaonekana mkorofi, lakini vilifungwa.

Halafu ikafika usiku setelaiti ikakata. Chumba kimejaa watu, kila mtu kashika simu haina kitu, na pale mbele kuna watu wetu wanasubiri maelekezo. Nikaita kituo cha mbali. Chaneli ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, redio yenyewe ikashuka kwenye megahezi 3 na ushee, zikasikika zile toni nane zinazokimbizana haraka haraka kati ya hezi 750 na 2500, kimya kidogo, zikarudi kutoka upande wa pili dhaifu zimejaa mikwaruzo, yetu ikathibitisha, kioo kikaandika kimeunga. Chumba kizima kikanyamaza wakaniangalia mimi. Ujumbe ukapita wote. Asubuhi ripoti ikaandikwa mawasiliano yalirejeshwa, basi, haikusema na nini wala na nani. Mpaka leo inaniuma, sitaficha. Ila najua nilichokifanya, na waliokuwa mbele usiku ule wanajua.

Sasa nyie mnaokuja, msisubiri mtu awaamini ndo muandae mtandao. Andaeni. Mkuu wako anayesifia setelaiti leo ndo atakayekuja kukusimamia kichwani ikikata, na hapo hakuna muda wa kuanza kutafuta masafa. Kaa na redio yako usiku, iulize, izoee!

Na muwe wakali na mipangilio. Kiwango rasmi cha ALE ya kizazi cha pili kilitoka Marekani 1988, kikaongezewa kizazi cha tatu 1999 ambacho redio zinaskani kwa pamoja kwa kufuata saa, na 2017 kikaja cha nne chenye chaneli pana, lakini bado redio nyingi mtakazokutana nazo ni za kizazi cha pili, na hapo makosa ni yale yale. Mwenzako anaskani chaneli 20 kwa kasi ya 2 kwa sekunde, mzunguko mmoja unamchukua sekunde 10, na mwito wako lazima udumu muda huo ili umkute. Redio yako ikidhani anaskani 5 kwa sekunde itaita sekunde 4 hivi inaacha, yeye pengine hajafika hata kwenye chaneli yako. Mtasema anga mbaya kumbe hamjakubaliana kasi. Punguzeni chaneli zisizo na faida, majina ya vituo yawe ya herufi 3 ili mwito uwe mfupi, na tyuna, kile kifaa kinacholinganisha antena na masafa, muifundishe kila chaneli mapema isije ikaanza kujitafuta katikati ya mwito.

Saundingi, ule mlio wa kujitangaza, usiuache ulie ovyo. Ni kweli unasaidia vituo vingine kujua chaneli ipi nzuri, ila na adui anausikia, anapima mwelekeo ulipo.

Jua likilipuka mchana mkakatika ghafla, pandeni masafa ya juu, ya chini ndo yanayoumia zaidi. Ikiwa ni dhoruba ya sumaku ya dunia inayoletwa na jua, kama ile kubwa ya Mei 2024, mara nyingi ni kinyume chake, ya juu yanakufa mnashuka.

Kijana aliuliza pia mbona wakati mwingine redio inasema imeunga na sauti haisikiki. Ni kawaida, toni za ALE zinavumilia kelele kuliko sauti ya mtu. Usikate ukaanza upya, tumia ule ujumbe mfupi wa maandishi uliomo ndani ya ALE yenyewe, unabeba mpaka herufi 90, andika kilicho muhimu kitapita.