Kabla ya kununua programu ya ramani, pima kimo cha swichibodi

Kuna msomaji kaniandikia wiki iliyopita. Kakabidhiwa kazi ya kutathmini jinsi mafuriko, dhoruba, ukame na joto vinavyoweza kuigonga kampuni yake, majengo na wasambazaji kwa pamoja, na anauliza anunue programu gani ya ramani. Nilimjibu kwa kifupi: usinunue chochote kwanza. Jibu refu nimeona niliweke hapa, maana najua wengi wenu mnaitamani kazi hii, na wakopeshaji na wawekezaji wanazidi kuidai. Tangu Januari 2024 kuna kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha, IFRS S2, kinachotaka kampuni zinazokifuata zieleze hatari hizi waziwazi.

Mimi sikutokea ofisi ya mazingira. Nilikuwa mtu wa matengenezo, naangalia mitambo na maghala. Tathmini ilipodaiwa, kila idara iliisukumia idara nyingine mpaka ikaniangukia. Mshauri mwelekezi alikuwa ameshaleta ramani yake, na ilikuwa nzuri kwa kweli: rangi tano, kiwanda chetu kimekaa katikati ya kijani, yaani hatari ndogo.

Nikachukua futi kamba, nikaenda chumba cha umeme. Ukingo wa chini wa swichibodi kuu ulikuwa sentimita 20 kutoka sakafuni, na sakafu yenyewe ilikuwa chini kuliko uwanja wa kupakilia magari. Umeme wote wa kiwanda unapitia pale. Mlinzi wa zamu, mzee aliyekuwepo kabla yetu sote, akanisaidia kusogeza kabati la zana. Nyuma yake ukutani palikuwa na mstari wa tope mkavu. Wapaka rangi walilipita kabati bila kuligusa, na mstari ukabaki. "Maji yalifika hapo," akasema. "Nyie mlikuwa hamjaajiriwa." Nikapima. Mstari ulikuwa juu ya goti langu.

Ramani haikudanganya kwa makusudi. Nyingi za bei nafuu bado zinategemea vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga za juu mwaka 2000, na rada ile, penye miti na majengo, husoma vilele na mapaa badala ya ardhi. Mahali panaweza kuonekana pameinuka kwa mita kadhaa kuliko palivyo. Hata zile bora zinakupa wastani wa kipande cha ardhi, na swichibodi haikai kwenye wastani. Kwa hiyo ukifika kwenye jengo anza na vitu vilivyo chini: swichibodi, transfoma, jenereta, tangi la mafuta, pampu, seva. Pima kimo cha kila kimoja. Uliza walinzi na mafundi wa zamani. Kisha ndipo ufungue ramani.

Jambo jingine linalowapoteza mabosi ni yale maneno "mafuriko ya miaka 100". Wakisikia hivyo wanajiona salama mpaka wajukuu. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na jengo utakalolitumia miaka 30 lina uwezekano wa asilimia 26 hivi wa kukutana nayo walau mara moja. Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba hali ya hewa imesimama palepale, na haijasimama: kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7.

Basi nikaandika ripoti yangu. Nikashauri swichibodi ipandishwe juu ya jukwaa la zege na tutafute msambazaji wa pili wa bidhaa fulani fulani. Kikaoni mkubwa mmoja akaniuliza nimesomea wapi hali ya hewa. Watu wakacheka, ripoti ikawekwa kando. Baadaye mshauri mwelekezi akarudi na pendekezo la jukwaa lilelile, sentensi zikifuatana kama nilivyozipanga mimi, na likapitishwa bila swali. La wasambazaji hakuligusa. Miaka imepita na bado linaniuma, sioni sababu ya kujifanya limeisha.

Mvua ikaja. Maji yakajaa uwanjani, yakaingia mpaka chumba cha umeme, na swichibodi imekaa juu ya jukwaa lake haijaloa hata waya. Yalipotoka tungeweza kuwasha mitambo siku ileile. Hatukuwasha, kwa sababu hatukuwa na vifuniko vya chupa. Vilitoka kwa msambazaji mmoja tu, na barabara ya kutoka kiwandani kwake ilikatika darajani. Alikuwa kwenye ukurasa wa pili wa ripoti yangu, pembeni nimeandika: "hana mbadala".

Nilimpataje? Idara ya manunuzi ilikuwa imetoa orodha ya anwani, na mshauri akazipachika zote kwenye ramani. Zilikuwa anwani za ankara, yaani ofisi za mauzo zilizo kwenye maghorofa mjini, mbali na kiwanda chochote. Mimi nilishuka stoo nikafungua faili la hati za kupokelea mzigo, ambako dereva huandika alikopakilia. Hapo ndipo ilipo ramani halisi ya ugavi wako. Ukifika huko mzigo unakopakiliwa, usiishie kwa msambazaji wako. Muulize naye anamtegemea nani, anaweka akiba ya siku ngapi, na mzigo unapita njia gani.

Hili si la viwanda vidogo peke yake. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalizamisha maeneo ya viwanda ya Ayutthaya, na Benki ya Dunia ilikadiria hasara na uharibifu kwa zaidi ya dola bilioni 40. Viwanda vya Toyota vya kuunganisha magari nchini humo havikuingiwa na maji, lakini vilisimama kwa kukosa vipuri. Honda, ambayo kiwanda chake kilizama, ililazimika kupunguza uzalishaji hata katika viwanda vyake vya Amerika Kaskazini. Mwaka 2018 ukame uliushusha mto Rhine wa Ulaya mpaka meli zikashindwa kubeba shehena kamili, na BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, ikaeleza kuwa ilipoteza takriban euro milioni 250. Mwanzoni mwa 2024 mfereji wa Panama ulikuwa ukipitisha meli 24 kwa siku badala ya 36 au zaidi, kwa sababu ziwa Gatun linaloulisha lilikuwa limepungua. Tazama idadi ya kampuni zilizoumia bila tone la maji kuingia kwao.

Na bima msiitegemee kabla ya kuisoma. Kinga ya kusimama kwa biashara mara nyingi hulipa pale tu mali yako mwenyewe inapoharibika. Swichibodi yetu ilikuwa kavu, kwa hiyo kwa siku zile za kukosa vifuniko hatukulipwa kitu. Kuna kinga ya nyongeza kwa hasara inayotokea kwa msambazaji, ila kampuni ya bima huenda ikakutaka uwataje wasambazaji hao kwa majina na mahali walipo. Mnarudi kulekule kwenye hati za stoo.

Joto nalitaja kwa ufupi kwa sababu halina picha za kutisha, na ndiyo maana linasahaulika: mitambo ya kupoza inayoelemewa, transfoma zinazobeba mzigo pungufu, watu wasioweza kufanya kazi mchana chini ya bati. Weka vipimajoto ndani ya jengo sasa hivi, msimu mzima, maana takwimu za kituo cha hali ya hewa zinapimwa kivulini, nje.

Mkipeleka ripoti juu, msiifungue kwa nyuzi joto wala majina ya mifano ya kompyuta inayokadiria tabianchi. Mwombeni mhasibu awape gharama ya siku moja ya kusimama, muizidishe kwa siku za kungoja kifaa kipya, na muiweke sambamba na bei ya jukwaa la zege. Mhasibu asaini hesabu hiyo, maana ya kwake hawaichekei. Na jina lako liandike kwenye jalada na chini ya kila ukurasa, kabla mshauri mwelekezi hajaomba nakala.