Jibu: Nakula samaki kila siku, mbona uzito haushuki?

Habari ndugu. Umesema una kilo 80, unakula sato wa kukaanga kila siku hapo Kirumba, Mwanza, unanyanyua vyuma mara tatu kwa wiki, na uzito umegoma wiki ya sita sasa.

Anza kukagua mafuta. Sato wa kukaanga hunyonya mafuta, na kijiko kimoja kikubwa tu kina kalori kama 120. Mchemshe au mchome. Protini hushibisha na kulinda misuli unapopungua, lakini ukila kuliko unachotumia, uzito haushuki hata ule samaki mtupu.

Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili; kwako ni 96 hadi 128 kwa siku. Wengi hukosea hapa, wanapima samaki na miiba yake. Minofu mitupu ya sato gramu 200 ina protini kama 40, mayai matatu 18, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Dagaa wakavu ndio hazina yetu ya ziwani: gramu 50 zinakupa zaidi ya 25, ila waoshe mchanga utoke wote. Gawanya kwenye milo mitatu, usirundike usiku.

Ugali punguza nusu, mchicha ongeza. Hujataja figo, kama zina shida, muone daktari kabla ya kuongeza protini.