Mtandio wa hariri hautaki kostiki

Kama umeshafanya batiki, nusu ya unayoyajua itakufaa kwenye kutia rangi mtandio wa hariri, na nusu nyingine itakuharibia kitambaa. Kitakachokufaa ni mikono yako: kukunja, kufunga, kukaza uzi, kubashiri wapi rangi itapenya na wapi itagoma. Kitakachokuharibia ni ile ndoo ya kostiki.

Nalitanguliza hili kwa sababu kina dada wengi wanaoniulizia kazi hii, wa hapa Mikindani na wa Mtwara mjini, walijifunza batiki kwenye vikundi na fomula waliyonayo ni moja: rangi ya unga, kostiki soda, haidrosalfaiti, maji ya moto, koroga. Kwa pamba haina kosa. Pamba ni mmea, inastahimili. Hariri inatoka kwa kiwavi, ni protini, sawa na nywele na kucha zako, na kostiki inakula protini. Ule utelezi unaousikia vidoleni ukigusa maji ya kostiki bila glavu ni ngozi yako imeanza kuliwa. Hariri inaliwa vivyo hivyo. Kostiki ikiwa kali na maji yakichemka, kitambaa kinayeyuka chote. Ikiwa hafifu, mtandio utatoka mzima lakini mng'ao umekwenda, umekakamaa, na baada ya kufuliwa mara chache unachanika penye mkunjo.

Hariri inataka asidi, tena ya upole. Siki ya dukani inatosha.

Lakini kwanza hakikisha ulichonunua ni hariri kweli. Madukani kila kinachoteleza na kung'aa kinaitwa hariri, na kingi ni poliesta. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibanio cha chuma, uziwashe kwa kiberiti. Hariri inanuka nywele zilizoungua, moto unajizimia wenyewe ukiuondoa kiberiti, na majivu yake unayasaga kwa vidole yakawa unga. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge kigumu cheusi kisichosagika. Mwenye duka akikukatalia kuchomoa nyuzi mbili, usinunue.

Mbinu ninazotumia ni za Kijapani, zinaitwa shibori. Arimatsu, kitongoji cha Nagoya, kimekuwa kikiishi kwa kazi hii tangu 1608. Kilikuwa kikiwauzia wasafiri wa barabara ya Tokaido, iliyounganisha Kyoto na Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo. Kufunga nguo na kutia rangi hakuna taifa linaloweza kudai ni kwake peke yake. Wayoruba wa Nigeria wana adire yao, sisi tuna batiki zetu za kufunga. Ila kwa Wajapani nilipenda nidhamu: kila namna ya kufunga ina jina lake na matokeo yake, na fundi anaamua kabla hajagusa maji. Sisi tunapenda sana kufunga ovyo na kusema tutaona itakavyotoka. Kwa pamba ya bei rahisi, sawa. Kwa hariri, fedha yako inauma.

Rangi. Zinazofaa ni rangi za asidi, zile zinazouzwa kwa ajili ya sufu na hariri. Jina lisikutishe, asidi yenyewe ni siki utakayoiweka wewe. Mimi huagiza Dar es Salaam zikaja kwa basi. Kama ndiyo unaanza na hutaki kuingia gharama, chukua rangi ya chakula, ile ya keki au ya pilau. Nyingi ni za kundi hilohilo na zinashika hariri vizuri kwa siki, hazina sumu, na jikoni hutagombana na mtu. Kasoro yake ni kwamba hupauka mapema zikipigwa na jua, kwa hiyo jifunzie, usiuzie. Rangi za ukili, zile za mikeka, usizilete kwenye hariri. Zinachuja mpaka mteja anabaki na shingo ya zambarau.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Mtandio wa sentimita 180 kwa 45, wa hariri nyepesi ya momme 8 (momme ni kipimo cha uzito wa hariri), una uzito wa gramu 28 hivi. Rangi ya wastani inahitaji asilimia 1 ya uzito huo, nzito asilimia 2. Hiyo ni gramu 0.3 mpaka 0.6, na hakuna mizani ya jikoni itakayokupimia hivyo. Kwa hiyo fanya hivi: yeyusha gramu 10 za rangi kwenye lita 1 ya maji ya moto, weka kwenye chupa, iandike jina. Sasa kila mililita 28 za maji hayo ni asilimia 1 ya mtandio wako. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, tupa sindano, pimia nalo. Ukipata rangi uliyoipenda unaandika namba, na mteja akirudi akitaka mitandio sita ya sare unampa inayofanana. Wakati wa kuyeyusha unga vaa barakoa, maana rangi kavu inaruka na mapafu hayahitaji bluu.

Maji nayo yana mambo yake. Visima vingi vya huku pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chumvi na chokaa, na chokaa inapunguza nguvu ya siki. Mimi hukinga maji ya mvua tangu Desemba mpaka Aprili na kuyatunza kwa ajili ya sufuria ya rangi tu. Kusuuza nasuuzia ya bomba. Ukiwa huna maji ya mvua, ongeza siki. Na sufuria iwe ya chuma cha pua au ya enameli isiyobanduka. Aluminiamu na siki hawapatani, rangi inaweza kutoka imefifia au imegeuka. Sufuria hiyo isirudi jikoni tena.

Sasa kufunga, na hapa ndipo ninapomaliza muda wangu mwingi.

Namna ya kwanza ni kukunja na kubana kwa vibao. Kunja mtandio kwa urefu kama unakunja feni ya karatasi, kisha kunja pembetatu juu ya pembetatu, halafu ubane katikati ya vipande viwili bapa. Palipobanwa panabaki peupe. Wajapani wanatumia mbao, na ukienda kwa seremala wa huku atakupa vipande vya mninga kwa moyo mkunjufu. Usivichukue, mninga una wekundu wake na utauachia kwenye maji yako. Mimi natumia vipande vya vigae vya sakafuni, vile vya udongo wa kuchomwa, vilivyobaki kwenye ujenzi, viwili viwili vya ukubwa sawa, nikavikaza kwa klampu ndogo za fundi. Havinywi rangi, vinasafishika, na kingo zake zinatoa mstari mkali. Kingo zipige msasa kwanza, zisije zikakata hariri.

Namna ya pili ni kuzungusha kwenye mti. Kitambaa kinazungushwa kwa mshazari, kinafungwa uzi kuanzia juu kwenda chini, kisha kinasukumwa mpaka kijikunje chote upande mmoja. Kikifunguliwa kina mistari ya mshazari inayokimbia mwili mzima. Namna hii ilianzia hukohuko Arimatsu mnamo 1880. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanaonyesha bomba la plastiki la maji. Kwa rangi ya baridi halina tatizo, lakini sisi tunapika kwa moto, na bomba la plastiki la kawaida huanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi na kupinda na mzigo wake. Tumia kipande cha mwanzi mnene kinachoingia kwenye sufuria, ukichemshe peke yake kwanza mpaka kiishe kutoa maji ya manjano. Chupa nene ya kioo nayo inafaa.

Ya tatu ni kushona kwa bandi ndefu na kuvuta uzi mpaka kitambaa kijikusanye, kisha unakaza fundo. Ukishona jani, linatoka jani, ukishona wimbi, linatoka wimbi. Sindano iwe nyembamba kuliko zote ulizonazo, maana hariri nyepesi inaonyesha tundu. Uzi uwe mara mbili, kwa kuwa ukikatika katikati ya kuvuta unaanza upya.

Kuhusu uzi nina neno. Hapa Mikindani kitu rahisi kupata ni uzi wa nyavu, mgumu, haukatiki, na wavuvi hawana choyo nao. Nyuzi hizo nyingi ni nailoni, na nailoni inakunywa rangi za asidi kwa pupa kama hariri yenyewe. Utapika, utatoa, na fundo lote litakuwa rangi moja. Hujui upi uzi na upi mtandio, na mkononi una mkasi. Tumia uzi wa pamba au wa cherehani wa poliesta. Hivyo haviinywi rangi hii ila kidogo sana, kwa hiyo baada ya kupika uzi unakaa pale mweupe juu ya hariri ya bluu, unaonekana hata taa ikiwa hafifu, unaingiza ncha ya mkasi chini yake bila hofu.

Ukitaka viduara, unafungia kitu kidogo ndani. Wengine wanafungia mbaazi au choroko, lakini zinavimba kwenye maji ya moto na kulegeza fundo. Wengine wanaokota vijiwe na kauri ufukweni. Hivyo ni chokaa vyote: tia kauri kwenye siki utaona povu likitoka, na povu hilo ndiyo asidi yako inakwisha. Gololi za watoto ndizo jibu. Ziwe za saizi moja ukitaka mpangilio, au mchanganyiko ukitaka fujo ya makusudi.

Mtandio mmoja, namna moja. Nimeona wanaoanza wakiweka gololi huku, kushona kule, vibao katikati, na rangi nne. Kinachotoka hakikai shingoni, kinapiga kelele. Na msiogope weupe. Nusu ya uzuri wa hariri ni pale isipoguswa na rangi.

Kupika ni kazi fupi. Fua mtandio kwanza kwa sabuni laini ili kutoa mafuta na wanga wa kiwandani, uache ukauke, ufunge, kisha ulowe maji ya kawaida nusu saa ili rangi isishike kwa mabaka. Lita 4 za maji, rangi uliyopima, tumbukiza mzigo wako, pandisha moto polepole. Maji yakianza kutoa mvuke tia vijiko 4 vya chakula vya siki, lakini mwagia pembeni mwa sufuria, usimwagie juu ya kitambaa. Lengo ni nyuzi joto 85. Kama huna kipima joto, tazama: vipovu vidogo pembeni, mvuke mwingi, uso wa maji unatikisika lakini haurukiruki. Yakichemka kwa nguvu mng'ao unapungua. Kwa jiko la mkaa hii ina maana ya kupunguza mkaa mapema, maana mkaa ukishakolea hausikii. Kaa hapo dakika 30, geuza taratibu kwa mwiko.

Halafu chota maji kwa kijiko cheupe. Mwanzoni yalikuwa bluu ya wino. Sasa yamekuwa karibu meupe, kama maji yaliyosuuziwa kikombe, kwa sababu rangi yote imehamia kwenye hariri. Nimeifanya kazi hii muda mrefu na bado huwa nachota hata pasipo sababu. Maji yakiwa bado na rangi nyingi, ongeza siki kijiko kimoja na dakika kumi. Kisha epua, acha ipoe humohumo kwenye sufuria.

Kufungua kuna uamuzi wa kufanya. Ukifungua ikiwa mbichi, suuza, piga pasi ya joto dogo ikiwa na unyevu bado, unapata mtandio laini ulionyooka. Ukiiacha ikauke kabisa ikiwa imefungwa, siku mbili au tatu, mikunjo inabaki imesimama, hasa ile ya kwenye mwanzi. Wageni wanaopita Mikindani wanaipenda sana mikunjo hiyo. Mama zetu wanauliza kwa nini hujapiga pasi. Mwambie mteja mapema kwamba mikunjo itaondoka siku akiufua, asije akarudi na malalamiko.

Kwa asiyetaka rangi za dukani kabisa: chemsha mtandio kwa shabu, nusu kijiko cha chai kwa mtandio mmoja, saa moja kwenye joto dogo, kisha uingize kwenye maji ya maganda ya vitunguu. Maganda yawe na uzito usiopungua ule wa kitambaa, na wauza vitunguu sokoni watakushukuru ukiwaondolea. Unapata dhahabu iliyokolea. Ile ngozi nyembamba inayomenywa kwenye korosho nayo ina tanini na inatoa hudhurungi, na ukiongezea maji ya misumari yenye kutu inageuka kijivu. Ngozi nyembamba, nimesema. Ganda la nje mnalijua wenyewe linavyounguza mikono.

Kuuza: msimu ni korosho zikishaingia mnadani, kuanzia Oktoba, na harusi zinazofuata. Funga mizigo yako mapema, iweke imefungwa, upake rangi oda ikija, kwa sababu kufunga kunakula siku na kupika ni saa moja tu. Bei ipange kwa saa za kufunga. Anayekulinganisha na mtandio wa poliesta mpe kiberiti.

Na kila mtandio utoke na kikaratasi: ufuliwe peke yake kwa maji baridi na shampuu kidogo, usisokotwe, uanikwe kivulini. Jua la huku linafanya hariri iwe ya njano na dhaifu, na kusi likivuma kamba iwe mbali na uzio wa makuti.